Siku hizi naitwa mzee tu: jibu kwa baba wa Katuba

Baba mmoja wa komine (wilaya ya mji) ya Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia, mimi muuguzi, kurasa tatu kwa kalamu ya buluu. Ana miaka 68. Kwa miaka 24 alikuwa ajusta, fundi wa kusawazisha vyuma, katika karakana ya mgodi. Akiwa na miaka 46 akaondoka pamoja na wenzake wengi, na tangu hapo ameishi kwa vibarua vya hapa na pale. Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita. Kwa ruhusa yake nanukuu kiini cha barua:

"Mama, zamani nikitoka asubuhi watu walijua huyu ni nani na anaenda wapi. Sasa naamka saa tisa usiku, nangoja kuche, kisha nakaa kwenye kiti cha marehemu chini ya mwembe mpaka jua lizame. Wajukuu wanaongea kwa kunong'ona, watoto wa siku hizi hawana sauti. Kwenye jumuiya ya kanisa nimeacha kwenda. Majina ya watu yananitoroka. Jumamosi natoa vyombo vyangu vya kazi, navipangusa kwa mafuta, navirudisha kwenye sanduku. Siumwi. Pesa za kuondokea kazini nilinunua nazo basi dogo, halikumaliza mwaka. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa chuo kikuu, akaacha masomo. Nauliza tu: mtu akishazeeka, akawa haitwi tena popote, maisha yake yanabaki ya nini?"

Na chini ya sahihi, kwa herufi ndogo: "Huyo mtoto yuko Kolwezi. Anatuma pesa kila mwezi. Akipiga simu tunasalimiana, basi. Hiyo ni habari nyingine."

Jambo yenu, Baba. Kwa heshima ningekuambia "ninyi" toka mwanzo hadi mwisho, kama tunavyozungumza hapa na wakubwa wetu. Lakini jibu hili litasomwa na wengi, hata wa mbali, na nikisema "ninyi" watadhani ninasema na umati. Naomba uniwie radhi kwa "wewe" hii.

Nilisoma barua yako jioni, nikaiweka, nikairudia asubuhi. Umeuliza swali moja kubwa, lakini ndani ya barua kuna mambo mengine madogo yaliyolifunika, na nisipoyatoa kwanza nitakujibu maneno mazuri yasiyokusaidia.

Nianze na masikio yako. Unasema wajukuu wananong'ona. Miaka 24 ulisimama katika karakana, kati ya mashine za kukata na kusaga chuma, na vijana wa wakati wenu wengi walifanya kazi bila kitu masikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kali ya miaka mingi huziua, na zikifa hazioti upya kama nywele za kichwa. Umri nao unaongeza. Kinachoondoka kwanza ni sauti nyembamba: sauti za watoto na za wanawake, na herufi kama s, f, t, k. Ndiyo maana unasikia kwamba mtu anaongea, lakini hushiki anachosema. Mjukuu akisema "sasa", "kaka" au "tata", wewe unapata "a-a" tu, halafu akili inafanya kazi ya kubahatisha. Kubahatisha kutwa nzima kunachosha kuliko kubeba mzigo. Mtu anaanza kuitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuelewa, siku moja anaitikia mahali pasipofaa, watu wanacheka, anaona haya, na Jumapili inayofuata hatoki. Naamini sana kwamba hivyo ndivyo ulivyoiacha jumuiya. Umejiambia umechoka na watu, kumbe umechoka kubahatisha.

Nalikazania kwa sababu si jambo dogo. Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu The Lancet, katika taarifa zake za 2017, 2020 na 2024, limeweka kupungua kwa usikivu kati ya mambo yanayoongeza hatari ya mtu kupoteza akili uzeeni, na ni katika yale yanayoweza kushughulikiwa. Kwa hiyo nenda kituo cha afya, mwombe muuguzi akuangalie ndani ya masikio. Mara nyingine ni nta tu iliyoganda, na ikitolewa vizuri (si kwa njiti ya kiberiti, Baba, wala kwa ufunguo) mtu anarudi nyumbani akisikia kuku wa jirani. Ikiwa si nta, tutaangalia habari ya kifaa cha kusikilizia, na nitakuambia ukweli kuhusu bei. Kwa sasa fanya yasiyo na gharama: kaa mgongo ukiuelekeza ukutani, aliye mbele yako uso wake upate mwanga, redio izimwe wakati wa mazungumzo. Waambie wajukuu wakuguse bega kwanza, wakutazame, ndipo waseme. Watoto wanapenda kupewa kazi ya namna hiyo. Waambie wazi: "Masikio yangu yaliliwa na mashine." Hakuna aibu ndani yake, ni alama ya kazi kama kovu la mkono.

Kuhusu majina yanayotoroka, tulia. Jina la mtu ndilo la kwanza kuchelewa kwa karibu kila anayezeeka, mimi mwenyewe nina miaka 59 na yananichelewa. Ukisahau miwani umeiweka wapi, hiyo ni kawaida. Ukiishika mkononi usijue ni ya nini, au ukapotea katika njia ya kwenda sokoni uliyoipita maisha yako yote, hapo mwanao akulete upesi kwangu au kwa daktari. Barua yako ya kurasa tatu, iliyonyooka namna ile, haikuandikwa na mtu anayepoteza akili.

Lakini "siumwi" yako siipokei haraka hivyo. Kuamka mapema kidogo ni kawaida ya umri, usingizi wa mzee ni mwepesi. Kuamka saa tisa kila usiku na kungoja kuche kwa moyo mzito ni kitu kingine. Jiulize haya, na umuulize anayekupikia, maana yeye anaona: je, bukari (ugali) unamaliza kama zamani au unamega mara mbili tatu na kusukuma sahani? Suruali zimelegea? Vitu ulivyovipenda, kama mpira kwenye redio, bado vinakugusa? Mambo haya yakikaa zaidi ya wiki mbili pamoja, huenda una ugonjwa wa huzuni, ambao ni ugonjwa kweli, una matibabu, na si tabia ya uzee. Nimeona wazee walioambiwa "ni umri tu" kwa miaka, kumbe ilikuwa huzuni, au sukari, au presha, au vidonge walivyochanganya wenyewe. Pima presha na sukari safari hiyo hiyo ya masikio. Na kama siku moja usiku wa saa tisa ukikuletea wazo la kwamba ni heri usiwepo, usilikalie peke yako mpaka asubuhi. Mwamshe mtu.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa uchungu, kwa ajili ya wanaosoma pamoja nawe. Katika mitaa yetu mzee anayeamka usiku, anayetembea uani, anayesema peke yake kwa sababu amezoea kusema na mwenzake aliyefariki, anaweza kuanza kusemwa kwamba ana bulozi, yaani uchawi. Nimekaa na mama wajane waliofukuzwa na watoto wao wa kuwazaa kwa neno hilo. Ni dhambi na ni ukatili. Asiyelala anahitaji daktari na mtu wa kumkalia karibu.

Sasa niingie katika swali lako.

Wewe unajua kuliko mimi neno "kazi" lilivyo katika mji huu. Mahali pengine kazi ni shughuli yoyote: kulima ni kazi, kupika ni kazi. Huku kwetu, mtu akisema "niko na kazi", anasema ameandikwa, ana namba, ana mshahara. Neno hilo lina historia. Union Minière, kampuni ya migodi, ilianzishwa mwaka 1906, mji wenyewe ukaanza 1910, na mwanzoni walileta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 wakabadilisha mpango: mfanyakazi akae, aje na mke, apewe nyumba kambini, posho, hospitali, na shule ya watoto. Tangu hapo kazi haikuwa tena mahali pa kupatia pesa tu. Ilikulisha, ikakutibu, ikakuzikia wafu wako, ikakuambia saa ya kuamka. Wazee wetu walisema kazi ni baba na ni mama. Basi siku inapokuondokea, hupotezi mshahara peke yake. Unakuwa yatima ukiwa na miaka 46, una ndevu na watoto sita, na hakuna anayekuja kukupa pole, maana hapakuwa na msiba.

Ndiyo maana sikushangaa uliposema "haitwi tena popote". Hukuandika "sina pesa", ingawa najua hazitoshi. Umeandika kwamba huitwi. Nimezunguka komine za Katuba, Kenya na Ruashi, zote za mji huu, nikikaa na wazee kwa zaidi ya miaka 20, na ninavyoamini mimi, swali la maana ya maisha uzeeni mara nyingi ndilo hilo: kuna mtu gani, kwa jina, anayeningoja siku gani, kwa kitu gani? Mtu akiwa na jibu moja la namna hiyo, hata dogo, analala. Asipokuwa nalo, mahubiri ya kumwambia kwamba wazee ni hazina hayamfikii. "Penye wazee haliharibiki neno", tunaimba sana methali hiyo, lakini inasema *penye* wazee, mahali ambapo mzee yupo katikati ya maneno. Mzee aliyewekwa chini ya mwembe akapelekewa chakula hayupo katikati ya neno lolote. Na wanaomweka pale mara nyingi wanampenda. Wanadhani kumpumzisha ndiyo heshima.

Nikueleze habari ya baba yangu mzazi. Aliendesha garimoshi kutoka hapa kwenda Likasi, Tenke, mpaka Kamina. Alipopata pansio (pensheni) alikaa barazani na saa yake ya mfukoni, na kila honi iliposikika kwa mbali aliitazama saa, akanyamaza. Sisi watoto tulizoea. Hakuna aliyewahi kumuuliza: "Baba, unatazama nini?" Mimi nilikuwa tayari nimesomea uuguzi, nilikuwa napima presha ya baba za watu wengine na kuwauliza habari zao, na baba yangu nilimpelekea dawa na nyama ya mbuzi. Alipofariki tulikuta chini ya godoro daftari dogo lenye jalada jeusi, kingo zimelainika kama kitambaa. Kila ukurasa ni tarehe, vituo, saa za kufika, na dakika alizochelewa. Nilitafuta tarehe niliyozaliwa. Ilikuwepo. Aliandika kwamba treni ilichelewa saa tano kwa ajili ya mvua, na chini yake maneno manne: "Nyumbani. Mtoto wa kike." Kumbe usiku ule alikuwa njiani akija, na mama alikuwa ametuambia siku zote kwamba baba hakuwepo. Nilikaa na daftari lile magotini nikalia kwa ajili ya maswali niliyokuwa nayo, na mtu wa kuyajibu alikuwa barazani miaka kumi na moja.

Kwa hiyo nikikuambia simulia, sikuambii kama mtu anayetafuta cha kukushughulisha. Zamani hata wataalamu walidhani mzee anayerudia habari za ujana wake akili yake inaanza kulegea. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kinyume chake: kwamba mtu anayekaribia mwisho wa safari anarudi kwa asili kuyapitia maisha yake, na kwamba kupitia huko ni kazi yenye faida, inayoweza kumletea amani au, akiachwa nayo peke yake, kumzidishia uchungu. Hilo la "akiachwa peke yake" ndilo linalonihusu. Wewe unaifanya kazi hiyo sasa. Unaifanya kuanzia saa tisa usiku, gizani, bila shahidi. Huwezi kuikwepa, lakini unaweza kuihamisha: ukaifanya mchana, mbele ya mtu.

Na mahali pa kuanzia umeniandikia mwenyewe. Jumamosi, sanduku. Umenieleza vyombo vyote kwa mstari mmoja, nami nilivutwa na kimoja: tupa, kile chuma chenye meno cha kulainishia vyuma. Fundi wa vyuma niliyewahi kumtibu alinieleza kwamba tupa inakata ikisukumwa mbele tu, ukirudisha unainyanyua kidogo, na kwamba kijana asiyefundishwa anaikwaruza huku na huku mpaka meno yanakufa. Aliniambia pia kwamba ukiweka mstari wa chaki juu ya meno, vumbi la chuma haligandi. Yule fundi mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa chai, lakini aliposhika tupa ili anionyeshe, kutetemeka kukapungua. Niliona kwa macho yangu.

Nje ya lango lako wanapita wewa kutwa kucha, vijana wa pikipiki ambao kipande kikiliwa wananunua kingine cha bei rahisi, nacho kinaliwa mwezi huo huo, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kupima na kusawazisha. Katuba imejaa wachomeleaji wa milango wanaojua moto na hawajui kipimo. Sisemi ufungue karakana, mtaji huna na mgongo hauruhusu. Nasema kijana mmoja. Jumamosi moja, saa mbili asubuhi mpaka saa nne, chini ya mwembe huo huo. Mjukuu wa miaka 12 awe karibu, aulize. Asipouliza, wewe useme: "Hii niliinunua mwaka ule, hii ilikuwa ya rafiki yangu." Kama mjukuu ana simu, arekodi sauti. Na akitaka kuzungumza mpira, usikatae, mpira ni mlango mzuri. Yeye anajua timu yetu ya Mazembe ya 2010 iliyofika fainali ya vilabu vya dunia na Inter Milan kwa sababu ameiona kwenye video. Wewe ulikuwa na miaka kumi Englebert, ndiyo Mazembe ya zamani, walipochukua kombe la Afrika 1967, na bado mtoto walipolirudia kombe la 1968. Mwambie ulikuwa umesimama wapi, redio ilikuwa ya nani. Hilo halimo kwenye simu yake.

Utaniambia nguvu si zile. Ni kweli, na sitakudanganya kwamba uzee ni ujana mwingine. Lakini kupungua kuna ufundi wake. Mwanasaikolojia Mjerumani Paul Baltes alipenda kutoa mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye alikuwa bado anapiga mbele ya watu akiwa na miaka 80. Alieleza kwamba alichagua nyimbo chache zaidi, hizo chache akazifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya kwenda kasi alipiga polepole kuliko zamani ili kasi inayofuata isikike kama kasi. Umewaona wachezaji wanaofanya hivyo: miguu imepungua, wanasimama mahali panapofaa kabla mpira haujafika. Chagua kichache, Baba.

Kiti cha marehemu umekitaja kwa maneno matatu tu, na mimi sitaongeza mengi. Miaka miwili si mingi. Kukaa kwenye kiti chake si vibaya. Ila siku moja katika wiki uweke kiti kingine mbele yake, mtu aje akae, mzungumze habari zake kwa jina. Wanaume wa rika lako mlifundishwa kulia siku ya mazishi na kunyamaza baadaye, na nadhani mmeumia kwa hilo kuliko mnavyojua.

Kuhusu pansio, nenda na mtu kijana anayesoma Kifaransa vizuri, mkiwa na kopi za karatasi zote za kazi, mpaka ofisi ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii (ile iliyokuwa INSS zamani). Karatasi halisi zisitoke mkononi mwako bila risiti. Hayo ni ya ofisi, nisikupotezee muda.

Nabaki na ile "habari nyingine".

Baba, mtu akiandika kurasa tatu kisha akaweka jambo chini ya sahihi kwa herufi ndogo, kwangu mimi barua inaanzia pale. Sijui mlivyoachana siku alipoacha chuo. Nimekaa na watoto wengi wa wenzako, sasa ni watu wazima wenye mvi zao za kwanza, na nimewasikiliza. Karibu wote walishaelewa kwamba basi lilikufa kwa sababu mabasi yaliyochakaa hufa, na kwamba hakuna aliyewafundisha baba zao biashara katika miaka 24 ya kushika tupa. Kinachowauma ni kwamba hakuna aliyewaita akawaambia. Mmoja alijua masomo yamekwisha alipoona mama yake anauza sahani. Alingoja baba aseme neno. Baba aliona haya, akanyamaza. Mtoto akasoma ule unyamavu kama dharau, na yule baba akasoma kuondoka kwa mtoto kama hukumu. Miaka inapita, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Najua kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Nimelelewa hivyo na ninaiheshimu desturi inayomlinda mkubwa. Lakini kuna tofauti kati ya kupiga magoti mbele ya mtoto na kumsimulia ukweli. Hulazimiki kusema "nilikosa kununua basi". Uliamua kwa ulichokijua siku ile. Unaweza kusema hivi, kwa maneno yako: "Mwanangu, mwaka ule pesa zilikwisha, nikashindwa kukuambia kwa mdomo wangu. Niliona haya. Ulikuwa unasoma vizuri, na nilijua. Kila mwezi unapotuma pesa, nakumbuka." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe". Hiyo "lakini" imeharibu upatanisho mwingi niliousimamia.

Na usimwambie kwa simu ya kawaida, nakuomba, kwa sababu ya yale masikio. Simu hupunguza hata zile sauti nyembamba ulizobakiwa nazo. Je, inawezekana kwamba miaka hii yote mwanao anakuambia kitu, wewe hukishiki, unaitikia "ndiyo, haya, salamu", na yeye anakata akidhani humtaki? Sina hakika, lakini ningependa tulijue kabla hujaendelea kumhesabu kama mtoto aliyekuacha. Mtu aliyekuacha hatumi pesa kila mwezi bila kukosa. Mjukuu akurekodie sauti kwenye WhatsApp, umtumie. Ataisikiliza akiwa peke yake, mara ngapi apendavyo, bila kulazimika kujibu papo hapo. Akijibu kwa sauti, utaiweka kwa nguvu, mara tatu, mara nne, mpaka uishike yote. Kolwezi ni karibu kilomita 300. Akiisikia, anaweza kufika siku moja. Asipofika, au akijibu kwa ukali, ujue ukali nao ni mazungumzo, na uje tuukae pamoja.

Njoo Alhamisi asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, na mjukuu akusindikize. Nitakuweka upande wa ukuta, nami nitakaa dirishani ili uso wangu upate mwanga. Tutaanza na masikio. Kama sanduku halimchoshi mjukuu, mje nalo: bawaba ya mlango wa chumba changu imelika upande mmoja, kijana aliyekuja kuichoma moto ameizidisha, na tangu Pasaka naufunga mlango kwa kuunyanyua kwa mikono miwili. Nimewauliza watatu. Wote wameniambia ninunue mlango mpya.